Kisu Kilichogawanywa Lokori

Juzi niliingia duka la vifaa vya ujenzi hapa Lodwar kutafuta kitasa cha mlango. Kijana wa kaunta aliponiona sina haraka, akatoa chini ya meza kisu cha kukunja, kile chenye vifaa vingi ndani yake, akakifungua mbele ya pua yangu kimoja baada ya kingine. Ikanijia harufu. Ilikuwa harufu ya mafuta ya mashine, chuma kipya, na kwa mbali kitu kama sarafu iliyoshikwa muda mrefu na mkono wenye jasho. Nikasahau kitasa. Nikasimama pale nikitabasamu peke yangu mpaka kijana akadhani nimempenda.

Msimlaumu. Hakujua kwamba harufu ile, kwangu mimi, ni harufu ya Mjomba Ewoi akitafuta mke.

Mjomba Ewoi ni mdogo wake mama, kitinda mimba wa Ata. Ata ndivyo tunavyomwita bibi kwetu. Nilipokuwa darasa la tano Mjomba alikuwa fundi wa simu, na kibanda chake kilitazamana na mahali mama alipouzia vikapu vya majani ya mkoma. Zilikuwa enzi za simu za vitufe, zile zenye tochi, na katika mji wetu ugonjwa wao mkubwa ulikuwa mchanga. Watu walileta simu ambazo ukizitikisa zinalia kama kayamba. Mjomba alizifungua kwa wembe, akazipuliza, akazifunga, zikapona. Mikono yake ilikuwa na akili kweli. Kasoro ilikuwa kwenye kuamua.

Mwulize Mjomba kama anataka chai au uji, na vyote viwili vitapoa akiwa bado anavitazama. Akienda kununua ndala, alirudi jioni bila ndala, akiwa na maelezo marefu kuhusu ndala za bluu. Ata alikuwa akisema, "Huyu nilimsubiri siku mbili nzima. Hata kutoka tumboni alikuwa bado anafikiria."

Jambo moja tu aliliamua bila kupepesa macho, nalo ni Akai. Akai alikuja kutoka Lokori na simu ya baba yake, iliyokuwa imetumbukia kwenye hori la kunyweshea ngamia. Mjomba aliitengeneza na akakataa malipo. Baada ya wiki chache Akai akarudi na simu ileile, ikiwa nzima kabisa, akasema inasumbua. Mjomba akaifungua, akaitazama kwa makini, akakubali kwamba ni kweli inasumbua sana na itabidi arudi tena. Mama aliyaona yote hayo kutoka ng'ambo ya barabara, akaniambia nisicheke kwa sauti.

Mambo yakafika kwa wazee. Baba yake Akai, Mzee Ekuwam, alikuwa mtu wa ngamia na mbuzi nje kidogo ya Lokori. Alikuwa miongoni mwa wazee wachache waliokuwa bado wanavaa abarait, kile kisu cha duara kinachokaa kifundoni mwa mkono kama bangili, makali yake nje yakiwa yamefunikwa kwa utepe wa ngozi. Habari za mifugo ya mahari hazikumsumbua, maana ukoo wetu ulikuwa umekwisha kujipanga. Alituma neno moja tu: "Aje tule nyama kwanza. Nitamtazama mkono."

Mama aliposikia hayo akashika kichwa. Kwetu, wanaume wakikaa kula nyama, kila mmoja huja na kisu chake. Anayenyoosha mkono kumwomba mwenzake kisu ili akate kipande chake, huyo bado ni mtoto, hata awe na ndevu mpaka kitovuni, na mtoto hapewi binti wa mtu. Sasa Mjomba Ewoi wa mjini, fundi wa simu, nyama alikuwa akiila hotelini, imekatwa tayari, imepangwa kando ya ugali. Kisu hakuwa nacho. Alikuwa na wembe.

"Si ununue kisu cha kawaida hapo sokoni tumalize?" mama akamwambia.

Angeweza. Lakini miezi kadhaa kabla ya hapo, mhandisi mmoja wa visima alikuwa amepita kibandani, akatoa mfukoni kisu kilichozaa kisu kingine, na hicho kikazaa mkasi, na mkasi ukafuatwa na bisibisi. Tangu siku hiyo Mjomba alikuwa mgonjwa. Alitaka kisu cha kubeba kila siku, akitumie kwenye simu asubuhi na kwenye nyama jioni, kisimwaibishe popote. Akasikia vinapatikana Kakuma, kwenye soko la kambi ya wakimbizi, mahali ambapo vitu vya dunia nzima huja kutulia baada ya wenyewe kuvichoka.

Mimi nilihusishwa kwa sababu ya Ata. Ata alikuwa na msemo wake: mwenye kiu hachagui kisima. Alimaanisha kwamba anayekitaka kitu sana atachukua chochote, au atachanganyikiwa asichukue chochote, kwa hiyo aende na mtu asiye na kiu. Mama alikuwa na vikapu vyake. Mimi nilikuwa nimefunga shule na nilikuwa nawasumbua. Basi nikateuliwa kuwa mwamuzi wa kisu, nikavalishwa gauni la kanisani, tukapanda lori la unga la kwenda Kakuma.

Nakumbuka soko lile kwa pua na masikio. Mkate wa Kihabeshi ukichacha, uvumba wa Kisomali, kahawa, mafuta ya taa. Redio tatu zikipiga nyimbo tofauti. Nilisikia Kiswahili ambacho sikukijua, kikiimbwa na kuzungushwa, nikamshika Mjomba shati nisipotee.

Visu vya aina ile vilikuwa viwili tu katika soko zima, na vilikuwa kwenye meza mbili zinazogusana. Meza ya kwanza ilikuwa ya Mama Hodan, mama wa Kisomali mwenye bangili mpaka karibu na kiwiko. Chake kilikuwa chembamba, chekundu, kinaingia kiganjani mwa mtoto. Ndani mlikuwa na kisu kikubwa na kisu kidogo, mkasi, bisibisi, msharasi wa kutobolea ngozi, kifungua mkebe, na kibanio na kijiti cha meno vya kuchomolewa kutoka kwenye mpini. Tena mlikuwa na chuma kimoja kilichojipinda kama mkia wa nguruwe ambacho hakuna aliyejua kazi yake. Meza ya pili ilikuwa ya Papa Dezire, Mkongo mrefu mwenye kofia ya sufu katika joto lile la Kakuma. Chake kilikuwa koleo zito la kukunja, na ndani ya mikono ya koleo mlikuwa na kisu, tupa na msumeno. Kilikaa kwenye ala ya ngozi ya kuning'inia mkandani.

"Kijana, shika hii," Mama Hodan akasema. "Hii iko safi. Wallahi hata mkasi iko ndani."

"Mwana yangu," Papa Dezire akadakia, "ile ya mama ni ya kuchezea batoto. Angalia hii chuma. Hii utarizisha bajukuu."

"Wajukuu gani, bibi hata hana!" Mama Hodan akamjibu.

Mjomba akaanza kazi ya kujaribu. Alikata kamba ya gunia la Mama Hodan kwa chekundu, halafu kamba nyingine kwa koleo. Alichomoa msumari kwenye kigoda cha Papa Dezire, akaurudisha, akauchomoa tena, mpaka kigoda kikalegea na Papa Dezire akawa anakalia upande mmoja. Alikata kucha za mkono wa kushoto kwa mkasi mwekundu. Kucha za mkono wa kulia alijaribu kwa koleo, akaruka. Jua likahama. Mama Hodan akaswali adhuhuri akarudi, akatukuta palepale.

Watu walianza kukusanyika kusaidia, na mjadala mkubwa ukawa wa kile chuma kilichojipinda. Mmoja akasema ni cha kutolea miiba kwenye kwato za ngamia. Mwingine akasema hapana, ni cha kumchomoa mjusi shimoni. Mama mmoja wa Sudan Kusini alikichukua, akakizungusha ndani ya nywele zake, akasema kwa uzito mkubwa kwamba kinakuna vizuri. Mama Hodan, aliyetaka tu kuuza, alikubaliana na wote.

Kijana mmoja wa mjini aliyekuwa akipita mara ya tatu akashindwa kuvumilia. "Buda, kwani unanunua kisu ama unaoa?"

"Zote mbili," Mjomba akamjibu, bila kuinua kichwa.

Hatimaye akanigeukia. Akapiga magoti ili tulingane, uso wake umejaa jasho na matumaini. "Atabo, mama, wewe huna kiu. Sema. Gani?"

Nilijiona mkubwa kama hakimu. Nikaonyesha koleo. Lilikuwa zito, la kiume, na ala yake ilikuwa inanukia ngozi mpya. Papa Dezire akapiga makofi. Mjomba akatikisa kichwa polepole, akanishukuru sana, akasimama, akanunua kile chekundu. Ndipo nilipojifunza kwamba wapo watu wanaoomba ushauri ili wajue ni kipi wanachokikataa.

Kwa kweli bisibisi ndiyo iliyomshinda. Mama Hodan alikuwa ameitumia kufungua skrubu za simu yake mwenyewe, zile ndogo kabisa, na Mjomba alipoona inaingia bila kucheza, midomo yake ililegea kama ya mtu aliyeonja asali. Kwa kisu hicho angeweza kula na angeweza kufanya kazi. Nilinuna njia nzima. Yeye alikifungua na kukifunga, kach, kach, kutoka Kakuma mpaka Lodwar, dereva akitutazama kwenye kioo.

Baada ya hapo hatukupumua. Mjomba alitumenyea machungwa ambayo hatukutaka kula. Alipunguza kwa mkasi nyuzi zilizojitokeza kwenye vikapu vya mama, mpaka kimoja kikafumuka. Alimtoa jirani mwiba, na alipomaliza akamchunguza mguu wa pili kama kuna mwingine. Simu zilifunguliwa na kufungwa upesi kuliko zamani, na foleni ya wateja ikafika kwa muuza mkaa.

Ila hapo pakazuka shida, na lazima niwaeleze ninyi msiotoka kwetu. Kwetu kuomba si aibu. Mtu akikuona na kitu kizuri atakwambia "Nakinae," yaani nipe, kwa sauti ileile anayokusalimia ejok. Aibu ni kumpita mtu bila kumwomba kitu, kana kwamba si mwenzako. Kwa hiyo kila aliyepita kibandani aliweka mkono mbele. Nakinae mkasi. Nakinae hicho cha meno tu. Na Mjomba Ewoi, ambaye zamani alikuwa anagawa hata tumbaku aliyokuwa nayo mdomoni, akawa bahili. Alikataa. Aliwaambia wote kwamba hiki si chake bado, hiki ni cha Lokori, kina shughuli. Hata mama alipokiomba kukatia uzi, alisimama karibu naye akimngoja kama askari wa benki. Ata akamtazama, akatema mate pembeni, akasema mwanawe ameolewa na chuma.

Siku ya kwenda Lokori ikafika. Tulikuwa Mjomba, mama, mzee mmoja wa ukoo wetu wa kutusemea, na mimi. Mjomba alikuwa amepaka mafuta mpaka viatu. Kisu kilikuwa mfukoni, na mkono wake ulikuwa juu ya mfuko. Alikuwa na hofu ambayo hata mtoto angeiona. Akikosea hapo, Akai angepewa mtu mwingine, na watu wa kumwoa walikuwepo, wenye ngamia.

Mbuzi akachinjwa. Mzee mmoja akayatandaza matumbo yake na kuyasoma, kama wazee wanavyofanya, akasema anaona mvua ndogo upande wa ziwa, na anaona mgeni mwenye mfuko mzito. Wazee wote wakautazama mfuko wa Mjomba. Nyama ikaingia motoni. Wanaume wakakaa chini nusu duara juu ya majani, kila mtu mahali pake kwa umri wake. Wanawake walikuwa upande wao, na Akai alikuwa nyuma yao kabisa, ananyoosha shingo. Mimi mtoto sikuwa na upande. Nilitumwa na jagi la maji ya kunawa, nikajisahaulisha kuondoka, nikabaki nyuma ya mgongo wa Mjomba.

Nyama ikagawanywa, kila kiungo kwa mwenyewe. Kwetu mnyama hagawanywi ovyo. Kila mtu ana haki yake: hili ni la wazee, hili la vijana, hili la mwenye boma. Visu vikatoka. Mjomba akakitoa chake, kach, akakata kipande kizuri, akakiweka mdomoni. Nikashusha pumzi. Nilijua tumeshinda.

Kumbe wazee walikuwa wameacha kutafuna. Walizungumza Kiturkana, nawaandikia kwa Kiswahili.

"Huyo ni mnyama gani?" Mzee Ekuwam akauliza.

Mjomba, kwa furaha ya kuulizwa, akafanya kosa ambalo ni sisi tu tungeweza kulifanya. Angesema ni kisu, yangeishia hapo. Badala yake akakifungua chote. Alikunjua kila kitu, huku na huku, akakiweka katikati juu ya majani, karibu na mbuzi, miguu yote juu.

"Ana miguu mingi," mzee mmoja akasema.

"Tena amelazwa chali," mwingine akaongeza.

"Basi huyu naye amechinjwa," Mzee Ekuwam akasema, tena bila kucheka. "Agawanywe."

Mimi nilidhani ni mzaha. Mzee wa kwanza, mwenye meno matatu ya kuhesabika, akanyoosha mkono akachomoa kijiti cha meno, akakitia nyuma ya sikio. Wa pili, mchungaji mwenye nyayo kama ramani, akachukua kibanio. Hivyo vilitoka kwa urahisi. Kwa vilivyobaki, Mzee Ekuwam alikiinua kisu, akakigeuza taratibu akikipapasa kwa kidole gumba, kama mtu anayetafuta kiungo cha paja. "Hakuna mnyama asiye na kiungo," akasema. Akakipata. Kukaletwa msumari na jiwe, tok, tok, tok, na kisu cha Mjomba Ewoi, kisu tulichokaa nacho juani Kakuma mpaka Mama Hodan akaswali na kurudi, kikaachana vipande vipande kama kuku wa sikukuu.

Mkasi ulipelekwa kwa mama yake Akai, kwa kuwa ndiye aliyemzaa. Msharasi alipewa mzee mshona viatu vya akala, na kisu kidogo kikamwendea yule aliyesoma matumbo. Kifungua mkebe kilimwendea mzee ambaye, kwa ninavyojua, hajawahi kumiliki mkebe. Bisibisi, ile bisibisi, ilichukuliwa na kaka yake Akai, mwenye redio. Kila mmoja aligeuka kwanza akamwambia Mjomba "Nakinae," na kila mara Mjomba alisema, "Chukua." Kile chuma kilichojipinda kilizua ubishi mfupi. Kwa kuwa hakuna aliyekijua, ilionekana ni haki ya mwenye boma, na Mzee Ekuwam akakitunga kwenye kamba akakivaa shingoni.

Kikabaki kisu kikubwa peke yake, bila mpini. Mjomba alikishika kwa ncha za vidole, akakivuta kipande chake cha nyama ili angalau ale. Ndipo bibi yake Akai akainuka kutoka upande wa wanawake. Alikuwa mzee sana, amejikunja juu ya fimbo yake, na alichukua muda mrefu kufika. Alipofika akanyoosha kiganja.

"Nakinae."

Niliomba Mungu Mjomba akatae. Nilitaka apige kelele. Aliyeombwa mpaka kisu cha kulia ameombwa nini tena kama si suruali? Mjomba akakitazama kisu, akamtazama bibi. Mama alikuwa amefumba macho. Kisha Mjomba akageuza makali upande wake mwenyewe, ili bibi ashike pasipokata, akampa.

Akabaki amekaa mbele ya nyama nzima, mikono mitupu. Alikuwa na vibanzi viwili vyekundu vya mpini, basi.

Mzee Ekuwam akavua ule utepe wa ngozi kwenye abarait yake. Akakata pande la nyama lenye mafuta, kubwa kuliko yote, akaliweka kiganjani mwa Mjomba. "Kula, mwanangu," akasema. Wazee wakaendelea kutafuna na mama akapiga kigelegele mpaka mbuzi waliobaki wakakimbia. Mambo yalikuwa yamekwisha. Mke amepatikana.

Mimi nililia. Nililia kwa sauti, na watu wa Lokori walifikiri ni furaha, wakanipa figo.

Harusi ilifanywa baada ya mvua. Na nilichotarajia, kwamba sasa Mjomba atarudi kwenye wembe wake, hakikutokea hivyo hasa. Kaka yake Akai alikuja Lodwar kuuza mbuzi, akakaa kibandani na bisibisi yake. Mjomba akipata simu ya kufungua, alimwambia shemeji "Nakinae," akapewa, akafanya kazi, akairudisha. Shemeji alipenda sana kuombwa, akawa anakuja hata bila mbuzi. Mshona akala naye akaja na msharasi wake. Mara mzee wa kijiti cha meno naye, hana hata chombo cha kusaidia, amekuja tu kwa kuwa ana haki. Mwaka haukwisha kibanda kikawa baraza la Lokori, na wateja wa Mjomba wakaongezeka, kwa sababu kila mkwe aliyekuja alikuja na simu za majirani zake, zote zimejaa mchanga. Mzee Ekuwam mwenyewe alitembea Lodwar yote na kile chuma shingoni, akikunia mgongo. Niliposoma nikafika Nairobi niligundua kwamba ni cha kuzibulia chupa za mvinyo. Nilirudi nikanyamaza. Mzee yule alikuwa mhudumu wa kanisa.

Kwa miaka mingi hadithi hii niliisimulia hivyo, kama kichekesho cha mtu aliyeliwa kisu na wakwe. Baadaye nilidhani nimekuwa mwerevu, nikaanza kuisimulia kwamba Mzee Ekuwam alikuwa anampima mkwe wake, aone kama mkono wake unajua kutoa. Nilifikiri hapo ndipo penye maana. Jioni ya siku ile ya kitasa nikapita nyumbani kwa Mjomba nikamkuta Akai anakoroga chai, nikamwambia juu ya harufu ya dukani, na jinsi baba yake alivyokuwa mjanja.

Akai akacheka mpaka akaweka mwiko chini. "Baba? Baba alitaka tu kitu cha shingoni." Akapangusa macho. "Yule bibi nilimtuma mimi."

Nikamwuliza kwa nini.

"Wazee walikuwa wanamtazama mkono. Mkono mtu anaweza kuufundisha, hata siku moja inatosha. Mimi nilitaka kumwona uso akitoa cha mwisho, kile cha kulia chakula chake. Nilikuwa mbali lakini niliuona. Aliumia, Atabo. Alikipenda kile kisu, na aliumia kabisa, na akageuza makali yakaelekea kwake ili nyanya yangu asikatwe. Angekitoa huku anacheka, ningerudi ndani nikalale, waoane na baba."

Akanimiminia chai. Nje, Mjomba alikuwa anabishana na mtu kuhusu betri. Siku ile Lokori nilikuwa karibu naye kuliko mtu yeyote, nimeshika jagi la maji, ningeweza hata kumgusa shavu. Na muda wote huo nilikuwa nakitazama kisu.